Kuku Aliyeulizwa Habari za Baba

Juzi hapa Kahama jirani yangu alinipa kuku nimshikie wakati yeye anatafuta funguo kwenye mkoba. Kuku wa kienyeji, mzito, amefungwa miguu kwa kitambaa. Nikamkumbatia kifuani ili asitapetape, pua yangu ikagusa mgongo wake. Kuku aliye hai, aliyeshinda juani akioga vumbi, ananukia pumba kavu na jua, na kitu kingine kama nywele za mtoto aliyetoka kucheza. Jirani alipopata funguo akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia unyoya umeniingia jichoni. Nikamrudishia kuku wake, nikaingia ndani, nikakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni chumbani kwangu mwenyewe.

Mimi si mtu wa kulia ovyo, waliosoma na mimi wanajua. Darasani nilikuwa yule anayechekesha wenzake mwalimu akigeuka ubaoni. Niliishia la saba, lakini ndoto zangu hazikuishia pale. Niliota nitaendesha ndege, baadaye nikaota nitafungua duka la keki, na hadi leo nikiwa kwenye cherehani huwa naota vitu mpaka nashona mkono wa gauni mahali pa kola. Kwa hiyo nikianza kukuambia mambo ya kuku na baba yangu, usifikiri nataka kukuhuzunisha. Nataka tu kuyatoa, maana harufu ile imeyachokonoa na hayataki kulala tena.

Kwetu ni vijijini huko, ukiipita Kharumwa unaendelea mpaka barabara inachoka. Tulikuwa na mji wa kawaida: nyumba ya mama, nyumba ya bibi mzaa baba, jiko, banda la mbuzi, na katikati uwanja uliofagiwa ambao kwa kweli ulikuwa mali ya ndege. Kulikuwa na bata waliotembea kama wazee waliovaa viatu vinavyobana. Kulikuwa na kanga waliokuwa wakipiga kelele hata mawingu yakipita. Kulikuwa na kuku wa kishingo, wa kibwenzi, wa kila namna. Na alikuwepo Diwani.

Diwani alikuwa tetea wa kidimu, wale ambao manyoya yao hayalali bali yanajikunja kwenda mbele, kama mtu aliyevaa sweta ndani nje kwa haraka. Baba alimleta akiwa kifaranga, ndani ya kofia yake, aliporudi kutoka kibarua Kahama. Jina alimpa yeye. Kila asubuhi kuku huyo alipita mlango mmoja mmoja, akachungulia ndani, akasema maneno mengi, kisha akaondoka bila kufanya chochote. Baba akamtazama, akasema, "Huyu ni diwani." Mama alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Hicho ndicho kicheko cha mama ninachokikumbuka cha mwisho kabla baba hajaenda machimboni. Alikwenda kwenye machimbo mapya, porini mbele ya Nyarugusu, ambako dhahabu ilikuwa imelipuka, yaani imeonekana ghafla, na kila mwenye sururu alikuwa anakimbilia. Alikuwa akipiga simu siku za gulio, kwenye kitochi cha mama. Mama alikuwa anakipangusa kwa khanga kabla ya kupokea, kana kwamba baba angemwona. Aliongea na mama, na bibi, halafu mimi nikipewa nilisikia pumzi na mashine za kusaga mawe nyuma yake, na sauti yake ikiniuliza, "Kabula, Diwani anaendeleaje na kazi?"

Halafu kikaja kipindi cha mvua kubwa, na simu ikanyamaza.

Mwanzoni tuliambiwa ni mtandao. Baadaye kijana aliyekuwa anauza kandambili kutoka huko akapita kijijini, akasema duara moja limefukia watu. Duara ni shimo wanaloshukia. Wengine walikuwa wakisema Masanja, yaani baba, alikuwa ndani. Wengine walisema hapana, alishaondoka kabla ya mvua, kafuata machimbo mengine yaliyolipuka mbali zaidi. Mwenye duara alisema watu wake wote walitoka. Baba mdogo alikwenda kumtafuta, akarudi na blanketi la baba na sufuria, na maneno mengine mapya ambayo hayakukubaliana na yale ya kwanza. Bibi alilinusa blanketi, akalikunja, akalikalia. Ndivyo alivyoshinda siku ile nzima, amelikalia.

Sasa, wewe uliyekulia huku kwetu unaijua desturi ya ngoko. Wa kwingine nitamweleza kidogo. Ngoko ni kuku. Mtu akipotea, au ugonjwa usipoeleweka, kuna nfumu, mganga, ambaye kazi yake ni kumsoma kuku. Lakini kuku hasomwi hivi hivi. Lazima aulizwe kwanza na mtu wa damu. Unamfungua mdomo, unamtemea mate, unamuuliza kimoyomoyo jambo lako, naye analimeza. Nfumu akishampasua anaangalia ndani: pakiwa safi, ni heri. Pakiwa na weusi, weusi huo ni kaburi, au ni giza ambalo mchawi amemfunika nalo mwenzake. Sisi watoto tulijua haya kama tunavyojua kuhesabu.

Mama hakutaka. Alikuwa mtu wa kanisani, lakini nadhani si kanisa tu. Nadhani aliogopa jibu. Akiwa hajui, baba alikuwa bado anaweza kufungua mlango.

Bibi aliniita asubuhi, akiwa amemshika Diwani kwapani.

"Njoo hapa, ng'wanone, mwanangu. Wewe ndiye damu yake."

"Bibi, si tuchukue jogoo?"

"Jogoo hamjui. Huyu alikuja ndani ya kofia yake."

Mama alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. "Mama," alisema taratibu, "mimi huko sitakwenda."

"Hujaitwa," bibi akamjibu bila kugeuka.

Bibi alimfungua Diwani mdomo kwa kidole gumba. Nikatema. Kimoyomoyo nikamuuliza baba yuko wapi, na kwa kuwa niliona swali moja ni dogo, nikaongeza kama amekula. Diwani akameza, akatikisa kichwa, akanitazama kwa jicho moja kama kawaida yao. Kisha bibi akamfunika kwa tenga, maana nfumu alikuwa amesafiri na angerudi kesho yake. Nilikaa pembeni ya tenga nikimpenyezea mtama. Nilitaka kujua baba alipo, na nilitaka Diwani aishi, na nilielewa kabisa, nikiwa na akili yangu ya kitoto, kwamba siwezi kupata vyote viwili.

Mchana wa siku hiyo ndipo bodaboda ilipomshusha mgeni tuliyekuja kumwita dada Nuru.

Alikuwa msichana wa mjini, amevaa suruali na buti, ana begi mgongoni na kitambaa kikubwa cheusi kimezungushwa kwenye fimbo. Vumbi lilikuwa limempaka kope. "Mwangaluka," akasema kwa furaha, na jua lilikuwa limeshaanza kuteremka.

"Asubuhi ilishapita, mayu," bibi alimwambia. "Lakini karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Sijapotea. Natafuta kuku. Na bata, na kanga mkiwa nao."

"Wa kula au wa kuuza?"

"Wa kuwapiga picha."

Bibi alimtazama mama, mama akamtazama bibi. Ilikuwa mara ya kwanza wanaelewana tangu asubuhi. "Kuku kafanya nini mpaka apigwe picha?" bibi aliuliza.

"Anataka pasipoti," mama akasema chini chini, nami nikacheka.

Dada Nuru naye akacheka. Akaeleza kwamba kuku wa mabandani mjini wote wamefanana, weupe, hawana sura. Yeye anatafuta hawa wenye sura. Anawapiga picha kama wanavyopigwa maharusi, mmoja mmoja, ametulia, halafu anazitoa kubwa, zinatundikwa ukutani kwenye jumba fulani Mwanza, watu wanakuja wanasimama mbele yake wanatazama.

"Wanamtazama kuku," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Wanamtazama, halafu?"

Dada Nuru alifungua begi lake. "Halafu wanaona vitu," akajibu.

Nakumbuka uso wa bibi ulivyobadilika hapo. Akaenda mwenyewe kumletea kigoda. Na dada Nuru alipokunjua kile kitambaa cheusi na kukitundika ndani ya banda la mbuzi, mahali ambapo mwanga uliingia kwa mlango mmoja tu, bibi alinong'ona, "Kaniki." Waganga wetu huvaa kaniki. Sasa bibi na mimi tukawa na wazo moja, ingawa hatukuambiana: huyu ni nfumu wa aina nyingine, wa mjini, anayemsoma kuku bila kumpasua. Na mtu wa namna hiyo humuulizi. Unakaa kwa adabu, unangoja.

Alianza na jogoo, akaja bata dume. Kanga walimshinda. Nilipoona jinsi anavyofanya, nikanyanyuka. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikainua tenga, nikamleta Diwani.

"Mwone huyu," dada Nuru akasema kwa sauti ya chini. "Umetoka saluni gani, mama?" Alimpangusa mdomo kwa pamba yenye maji, akampaka mafuta kwenye miguu kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nilistuka, nikahofia kafuta mate yangu, kisha nikakumbuka Diwani alishameza. Akamweka juu ya gunia mbele ya kile cheusi, akaenda nyuma ya kamera, akachuchumaa. Hakumshika, hakumpigia makofi. Alingoja tu. "Haya, mama. Hatuna haraka. Nipe jicho. Niambie." Diwani alitembea huku na kule akisema maneno yake mengi. Halafu akasimama, akageuza kichwa kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akanyamaza kabisa. Kamera ikalia.

Dada Nuru alitazama kioo kidogo mgongoni mwa kamera, akaniita. "Njoo umwone rafiki yako."

Ningependa ningekuwa na maneno ya watu waliosoma ili nikueleze nilichokiona. Kila kitu kilikuwa cheusi. Si weusi wa ukuta, weusi usio na mwisho, kama kuchungulia kisimani. Na katikati ya weusi huo alikuwepo Diwani, nusu yake haionekani, na nusu nyingine imeguswa na mwanga unaotoka juu kwa upande mmoja. Kila unyoya ulisimama peke yake. Na jicho lilikuwa wazi, lina tone la mwanga ndani yake.

Nilikuwa nimemuuliza baba yuko wapi. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Yuko chini, gizani. Lakini mwanga wa mdomo wa shimo unamfikia, na jicho lake liko wazi.

Nilitoka mbio. "Bibi, Diwani ameshajibu. Baba yuko chini kwenye giza ila anaona mwanga. Yuko macho, bibi. Waende wakamtoe."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukamponyoka, na kuku waliobaki wakaja kula miguuni pake bila yeye kuwafukuza. Bibi alinyanyuka, akaingia bandani, akainama kwenye kile kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Mwanangu," akamuuliza dada Nuru kwa heshima, "hili giza limetoka wapi? Nje jua linawaka."

Dada Nuru alifurahi kweli kweli. Nadhani hakuna mtu kijijini aliyewahi kumuuliza swali la kazi yake. "Giza limewekwa, bibi. Si lake yeye. Ni la kuwekwa kwa makusudi."

"Limewekwa na mtu."

"Ndiyo. Bila mtu kuliweka lisingekuwepo."

"Nimekuelewa," bibi alisema. "Asante, mwanangu." Akatoka nje akasimama uwanjani, na alipomtazama mama, sikuitambua sura yake.

Diwani hakupelekwa kwa nfumu. Alikuwa ameshasomwa. Dada Nuru aliondoka na bodaboda yake akiahidi kutuletea picha, akanipungia mkono, nami nikampungia nikiwa na furaha ya kijinga kwamba nimepata vyote viwili.

Bibi hakumtaja mama hata siku moja. Alichofanya ni kuchukua mafiga yake, akayapanga nyuma ya nyumba yake, akaanza kupika mwenyewe. Mama alimpelekea ugali, ugali ukarudi kama ulivyokwenda. Alimpelekea uji, uji ukanywewa na mbwa. Baba mdogo alipokuja alikaa nje chini ya jua na hakuomba maji. Mama alipofika kisimani, wenzake walikumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Ni nani ndani ya mji ule aliyekataa ngoko? Ni nani aliyesema huko sitakwenda? Neno lilitembea kijijini bila mwenyewe, na kila mtu alikuwa amelibeba. Wewe wa rika langu uliyekulia huku unajua neno kama hilo huwa linaishia wapi kwa mwanamke. Sina haja ya kukueleza, na mkono wenyewe haupendi kuliandika.

Mimi nilielewa kidogo tu, lakini nilielewa kwamba limetoka kwenye picha. Kwa hiyo nikamkamata Diwani, nikamtemea mate tena, nikamuuliza kama ni mama. Akanidonoa kidole. Nilikwenda kumwambia bibi kwamba Diwani amekataa, ameniuma. Bibi aliniosha kidole, akakifunga kwa kitambaa, akasema, "Wewe bado mdogo." Mikono yake ilikuwa laini kama siku zote. Hilo ndilo lililonichanganya. Alikuwa bibi yule yule.

Siku moja nikamkuta mama anapanga nguo kwenye mfuko. Nguo zake tu. Nikatafuta gauni langu la shule nikampelekea, akalitazama, akaliweka kitandani.

"Hilo ni la hapa," alisema.

"Tunakwenda wapi?"

"Nakwenda kwa mjomba wako. Wewe ni wa ukoo huu, Kabula. Hawatakubali nikuchukue." Akanivuta, akaniwekea kidevu utosini. "Utakuwa unamwekea bibi yako maji ya kuoga. Usimwache aende mwenyewe kisimani, magoti yake mabaya."

Hata siku ile alikuwa anamfikiria magoti.

Alikuwa ameshafika uwanjani na mfuko wake kichwani, bibi ameketi mlangoni kwake ametazama upande mwingine, bodaboda iliponguruma njiani. Nikafikiri ni ya kumchukua. Alikuwa dada Nuru, amebeba bahasha kubwa, na ile fimbo ya kitambaa mgongoni. Alisalimia, hakuna aliyeitika vizuri. Akatoa picha ya Diwani, kubwa kama dirisha dogo, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, anatabasamu, anangoja tumsifu.

Mama alishusha mfuko. "Mwambie," akasema. "Mwambie huyu mama ni nani aliweka hilo giza."

"Giza gani?"

"Hilo. Ulimwambia kuna mtu ameliweka. Mume wangu yuko machimboni hajulikani alipo, na kuku huyu aliulizwa habari zake. Wameamua mtu huyo ni mimi."

Tabasamu la dada Nuru lilitoka kidogo kidogo. Alimtazama mama, akautazama mfuko, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa na akili nyingi, kwa sababu hakuanza kubishana. Hakusema hayo ni ujinga. Aliilaza picha juu ya kigoda kwa upole, akaingia bandani, akatundika kitambaa chake.

"Mama Kabula, njoo ukae hapa."

Mama aliingia, akaketi juu ya gunia. Kamera ikalia. Dada Nuru akampelekea bibi kile kioo pale mlangoni kwake. Mama alikuwemo, nusu ya uso haipo, nusu nyingine ina mwanga, giza limemzunguka kote.

"Si mnaona," bibi alisema polepole. "Naye yumo. Yuko naye humo humo."

Dada Nuru akafumba macho. Mama alitoka bandani, akasikia, akaokota mfuko wake. Na mimi, sijui niliambiwa na nani, nilikimbia nikaingia bandani nikaketi juu ya lile gunia. "Nipige na mimi," nikasema.

"Mtoe mtoto huko," bibi akasema. Akanyanyuka kwa magoti yake mabaya. "Kabula. Toka kwenye hicho kitu." Alivuka uwanja haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akanishika mkono, lakini kamera ilikuwa imeshalia. Dada Nuru akamwonyesha. Sikuhitaji kuangalia, nilijua. Nilimwona bibi akiangalia kioo, akiniangalia mimi, akiangalia kioo. Mkono wake ulikuwa bado umenishika.

"Nani kamweka mtoto humo?" akauliza.

"Mimi, bibi," dada Nuru akajibu. "Ni kitambaa. Kiguse. Kila anayekaa hapo anakuwa hivyo. Nilinunua dukani."

Bibi alikigusa. Alikishika ncha, akakisugua kwa vidole, akakinusa kama alivyolinusa lile blanketi. Akatazama nyuma yake, akaona ukuta wa udongo na kinyesi cha mbuzi. Kisha bila kuombwa akageuka, akajishusha juu ya gunia, akafunga vizuri khanga yake, akatulia.

Kamera ikalia mara moja.

Safari hii dada Nuru alichuchumaa mbele yake, akamwekea kioo mapajani. Bibi alitazama. Sijui alikuwa hajajiona tangu lini. Kwetu kioo kilikuwa kipande kidogo cha kunyolea cha baba. Aliona ule mwanga umepita kwenye paji lake, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ile pua pana, kwenye jicho moja.

"Masanja," akasema.

Mama alikuja akapiga magoti kutazama. Nami nikachungulia katikati yao. Alikuwa baba. Alikuwa bibi, lakini giza lilikuwa limeficha khanga na makunyanzi na mvi, likaacha sura tupu, na sura hiyo ilikuwa ya baba. Hatukuwahi kuwa na picha yake hata moja nyumbani.

Hapo bibi akalia. Tangu simu iliponyamaza alikuwa hajalia, alikuwa amekasirika tu. Alilia ameinamia mapaja, kile kioo kimelowana, dada Nuru hakukichukua. Mama alimshika mabega. Kwa muda bibi alikaza mwili kama mtu aliyeshikwa na adui. Kisha akalegea.

Mama hakuondoka siku hiyo. Lakini sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka palepale. Neno likishatoka haliitwi likarudi kama mbuzi. Bibi aliendelea kupika nyuma ya nyumba yake, nadhani kwa aibu sasa. Na wale wa kisimani waliendelea kukumbuka kazi zao. Diwani mwenyewe ugonjwa wa kideri ulimchukua kwenye mvua zilizofuata, yeye na wenzake karibu wote, tukamzika badala ya kumtupa, kwa ombi langu.

Baada ya mavuno ndipo baba mdogo alipomleta mtu aliyekuwa na baba asubuhi ya lile duara. Alikuwa mtu wa mbali, wa pwani kwa lafudhi. Alisema Masanja alishuka kabla yake. Alisema yeye alikuwa juu anafunga kamba pale ardhi ilipoporomoka. Alisema kwa kweli hakuna aliyetoka. Mama alimpa maji, akamshukuru kwa kuja.

Tukaweka matanga bila maiti. Watu wa kanisa walikuja, na wa kijiji, hata wale wa kisimani. Katekista akaomba picha ya marehemu ya kuweka mezani, kama inavyofanywa siku hizi. Bibi akaingia ndani, akatoka na ile picha yake mwenyewe, ambayo dada Nuru alikuwa ameitoa na kuituma kwa dereva wa basi. Akaisimamisha juu ya meza ndogo, kwenye kitambaa cheupe, akaketi mkekani chini yake. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa kwaya alikuja akamwinamia, akamwambia picha ya mtu aliye hai haiwekwi msibani, ni kujiitia mabaya.

"Huyo si mimi," bibi akamjibu. "Tazama vizuri."

Yule mama akatazama. Akarudi akakaa.

Wakati wa chakula mama alitoka jikoni na kikombe cha uji. Alipita katikati ya watu wote wale, akapiga goti mbele ya bibi, akakishika kwa mikono miwili. Kelele za sahani zikapungua. Niliona wanawake wa kisimani wakigeuza shingo, na baba mdogo akisimama na tonge mkononi. Bibi alikitazama kikombe. Akakipokea, akanywa bila kukishusha mpaka akamaliza, akakirudisha.

"Niongeze, mwanangu," akasema, kwa sauti ya watu kusikia.